Mlipeni Daktari wa Meno
Gego likioza mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, matibabu yake yanategemea unaishi upande gani wa mpaka. Upande wa Kenya, tangu Oktoba 1, 2024, mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF. Makato hayachelewi. Kinachochelewa ni malipo ya wanaotibu, na ndiyo maana Februari 2025 hospitali za kibinafsi chini ya muungano wao, RUPHA, zilisitisha huduma za SHA na kuwadai wagonjwa pesa taslimu, zikilalamikia madeni, mengine ya tangu enzi za NHIF. Kwa meno, deni la namna hii huumiza upesi: daktari hununua ganzi, glavu na dawa ya kuziba kabla mgonjwa hajaketi kitini. Asipolipwa hubaki na koleo tu, na jino ambalo lingezibwa linang'olewa, hata la mtoto wa shule. Ng'ambo, Uganda ilifuta ada katika hospitali za serikali mwaka 2001, ila bima ya afya ya taifa ilikwama: Bunge lilipitisha mswada wake Machi 2021, lakini Rais Museveni hakuutia sahihi. Mkulima wa Tororo akienda kliniki ya kibinafsi, anajilipia mwenyewe. Serikali ya Kenya ina haki ya kukagua madai ya hospitali na kuwashtaki walaghai, tena ifanye hivyo bila huruma. Lakini Nairobi, aliyetibu kihalali mlipeni kwa wakati. Na Kampala, wapeni wananchi sheria hiyo ya bima.