Kabla ya kutuambia tufunge mkaba, muangalie kwanza siti yenyewe imefungwa na nini

Juma lililopita nilipanda Hiace moja kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Konvuayeri alitupanga kama kawaida: « Wanne wanne, wapendwa, mufinyane kidogo! » Nilikaa kwenye mstari wa tatu. Tulipopita shimo la kwanza, siti nzima iliinuka upande wa nyuma, kisha ikarudi chini kwa mlio wa chuma. Nikachungulia kati ya miguu yangu. Mguu mmoja wa siti ulikuwa umeachana na sakafu. Mahali fundi aliposudere palikuwa pamepasuka na kujaa kutu. Mama aliyekuwa pembeni yangu, amepakata mtoto, akaniambia: « Papa, zoea tu. Hii iko vile tangu zamani. »

Mbele kidogo, kwenye bariere, shofere alivuta mkaba wake wa usalama. Abiria wawili wa mbele wakafanya vile vile. Mmoja aliushika tu kwa mkono, maana kifungio chake kilikufa. Polisi akachungulia siti za mbele, akaona mikaba mitatu, akatuachilia tupite. Nyuma tulikuwa watu 16, bila mkaba hata mmoja. Hakuna aliyetuangalia.

Kila mara ajali inapotokea katika inchi yetu, tunazungumza juu ya mwendo wa kasi, pombe na barabara mbaya. Yote ni kweli. Lakini kuna ulizo moja ambalo halisikiki: wale watu walikuwa wamekaa juu ya nini?

Wengi wetu tunajua namna hizi gari zinavyozaliwa. Zinatoka Japani zikiwa zimekwisha kufanya kazi miaka mingi, zinapita Dar es Salaam na Zambia, zinaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Nyingi zilitengenezwa kwa kubeba mizigo. Nyuma ya shofere kuna sakafu tupu, ao siti moja nyembamba. Mwenye gari anaipeleka kwa ajusteri. Pale chuma cha mraba kinakatwa, kinasuderewa, kinawekewa mbao, sponji na plastiki yenye maua. Kisha miguu inasuderewa moja kwa moja juu ya bati la sakafu. Kwa siku chache tu, gari ya mizigo imekuwa ya watu.

Simlaumu ajusteri. Anafanya kile anacholipwa kufanya, na mikono yake ina akili. Hakuna aliyempa kipimo. Hakuna ofisi iliyomwambia siti ya abiria inapaswa kushikilia uzito gani.

Basi tufanye hesabu ndogo. Gari inayokimbia kilometa 50 kwa saa ikigonga kitu na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kitu ndani yake kinasukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 14 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 anakuwa kama mzigo wa tani moja. Watu wanne wa mstari mmoja ni tani nne. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kama kilo 140, na hakuna mama anayeweza kushika kilo 140 kwa mikono, hata apende mtoto wake namna gani. Na kwenye barabara ya Likasi, nani anaendesha kilometa 50 kwa saa?

Tani nne hizo zinagonga mgongo wa siti ya mbele yao. Kama siti hiyo imeshikwa na sudere juu ya bati lenye unene wa milimita moja hivi, inang'oka. Mstari wa nne unaangukia wa tatu, wa tatu unaangukia wa pili. Ndiyo maana katika ajali nyingine tunawakuta watu wote wamerundikana mbele, pamoja na vyuma walivyokalia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema « wekeni mikaba nyuma » na kuishia hapo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mkaba unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa mtu aliye ndani ya gari hadi nusu. Ni kweli, lakini thamani ya mkaba ni ya mahali ulipofungwa. Ukiufunga kwenye siti isiyoshika vizuri, siku ya ajali utatoka pamoja na siti, na wewe ukiwa umefungwa juu yake. Tutakuwa tumenunua mikaba ya kuonyesha polisi tu.

Wakaaji wa Kinshasa wanaijua habari hii zamani. Mercedes 207, gari iliyoanza kutengenezwa Ujerumani katika mwaka wa 1977, ilifika kule ikiwa ya mizigo. Walitoboa ubavu wake kuweka madirisha, wakapanga mbao ndani, na watu wakaipa jina « esprit de mort », roho ya kifo. Baadaye serikali ilileta mabasi mengine, nayo yakaitwa « esprit de vie ». Kule Ujerumani, gari ile ile inapendwa hadi leo na watu wanaoigeuza nyumba ndogo ya kusafiri na kulala njiani. Lakini Mjerumani akitaka kuongeza siti nyuma ya 207 yake ya zamani, anapaswa kuipeleka kwa wakaguzi. Wanaangalia siti, mkaba na mahali vilipofungwa, kisha hesabu ya viti inaandikwa kwenye karatasi za gari. Gari ni ile ile na uzee ni ule ule. Tofauti ni kwamba kule kuna mtu anayeangalia chini ya sakafu.

Kazi yenyewe haihitaji fundi wa kutoka Ulaya. Siti itazame mbele. Zile za pembeni, za watu kutazamana, Ulaya ilizikataza katika magari madogo mapya tangu 2007, kwa sababu mwili unaogongwa ukiwa wa ubavu haulindwi vizuri na mkaba. Miguu ya siti ifungwe kwa buloni zinazotoboa sakafu, na chini yake kuwe kipande cha chuma cha milimita tatu ao zaidi, kipana kama kiganja, ili nguvu isikusanyike kwenye tundu moja. Pale inapowezekana, buloni zishike kwenye mbavu za chasi. Mkaba ushikwe na chuma chenye nguvu, si bati la ubavu, na usitoke kwenye gari iliyopata ajali, maana umekwisha kuvutika. Mwenye uwezo anunue siti nzima za Hiace ya abiria, hata za okazi, zenye mikaba yake.

Najua wenye gari watasema nini. Wanne wakiwa watatu, mistari minne inapoteza watu wanne kila safari, ni robo ya pesa ya nyuma. Shofere ana pesa ya kupeleka kwa tajiri kila jioni, na njiani kuna bariere zinazokula. Sitaki kujifanya kwamba shida hiyo haipo. Ukipunguza watu bila kugusa kitu kingine, bei ya safari itapanda, na mama muuza mboga ndiye atakayelipa.

Ndiyo sababu naomba tuende kwa hatua. Kwanza, siti zote zifungwe kwa buloni na vipande vya chuma. Hiyo haipunguzi abiria hata mmoja. Inaomba chuma kidogo na siku moja ao mbili za fundi. Pili, mikaba ianze kwa gari za safari ndefu: Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa, kule mwendo ni wa kasi. Tatu, hesabu ya watu iandikwe kwenye karte roze na iheshimiwe, serikali nayo ikipunguza malipo ya ovyo ya njiani ili shofere aweze kuishi.

Kanuni yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Wizara ya uchukuzi haihitaji kungoja sheria mpya ili kutoa karatasi moja yenye picha na vipimo, kwa Kiswahili, na kuigawa kwa maajusteri. CNPR inaweza kuwafundisha. ACCO inaweza kuwaambia mashofere wakatae siti zinazocheza. Na polisi wa PCR, ombi langu kwao ni dogo: wakisimamisha gari, wafungue mlango wa nyuma, washike siti kwa mkono, waitikise.

Na sisi abiria? Tulipofika Likasi, nilimwonyesha shofere ule mguu wa siti. Akacheka kidogo, akasema atausudere tena. Mama akashuka na mtoto wake. Ndani ya dakika chache, watu wanne wengine walikuwa wamekaa pale pale.