SAMAKI WA ATHI AULIZWE



Wengi wetu tulioajiriwa katika viwanda vya Nairobi na Athi River kwetu ni Kitui na Makueni. Mwisho wa mwezi twapeleka nyumbani pesa za unga na karo ya watoto. Lakini kuna kitu kingine kitokacho huku tufanyako kazi na kufika kwetu kila siku, nacho ni maji ya mifereji. Mto Nairobi huingia Athi, na Athi hupita mpakani mwa Makueni na Kitui, ukaitwa Galana, halafu Sabaki, mpaka bahari ya Malindi. Kiwanda kikifungua mfereji wake usiku, aliye chini ya mto ndiye achotaye.

Mwaka 2018 ulianza ujenzi wa bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapokutana na Athi. Bwawa hilo limekusudiwa kutoa maji ya kunywa, ya mashamba na ya umeme. Watu wa nchi kavu kama yetu hufurahia bwawa. Lakini maji yakisimama, uchafu nao hutua. Basi twauliza: ni nani atakayepima?

Macho hayatoshi. Zebaki na risasi zikiyeyuka majini hazionekani wala hazinuki. Ndiyo sababu wataalamu humtumia samaki. Maji ya kiwanda hutiwa katika vyombo kadhaa, yakichanganywa na maji safi kwa vipimo mbalimbali. Chombo kimoja huwa na maji safi matupu, ili kulinganisha. Samaki huwekwa humo saa 96, yaani siku 4, na wanaokufa huhesabiwa. Hutafutwa kipimo kinachoua nusu yao. Maji yanayoua hata yakichanganywa sana, hayo ni sumu kali. Shirika la OECD liliandika utaratibu huu mwaka 1981. Mwaka 2013 likaongeza wa mayai ya samaki mdogo mwenye milia, atokaye Asia ya Kusini. Mayai yake hupenya mwanga, hata moyo wa kinda huonekana ukipiga au ukisimama.

Lakini tusidanganyike. Kambare hupumua hewa ya juu, naye huishi katika matope yanayowaua wengine. Kumwona yu hai si hati ya usafi. Tena kuna sumu isiyoua kwa siku 4, bali hujikusanya polepole katika nyama. Kwa hiyo nyama ya samaki nayo lazima ipimwe.

Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini tangu 1932. Samaki wakaibeba, watu wakawala, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa: watu walitetemeka, wakashindwa kusema, wengi wakafa. Agosti 1968 chama cha wafanya kazi wa kiwanda hicho kilipitisha azimio kwamba ni aibu kwao kutowapigania wagonjwa. Miaka 12 ilikuwa imepita. Sisi tusingoje kufika hapo.

Twadai mambo matatu. Kwanza, kila kiwanda kinachomwaga maji kuelekea Athi kipimwe kwa samaki mara kwa mara, na wapimaji wasiwe watu wa tajiri. Pili, matokeo yabandikwe ukutani kiwandani, na yasomwe katika baraza za Kitui na Makueni, kwa lugha inayoeleweka. Tatu, mfanya kazi anayesema kweli juu ya mfereji asifukuzwe.

Wenye viwanda watasema kupima ni gharama. Twajibu kwamba gharama ipo vyovyote vile. Kinachobaki ni nani ailipe, mwenye kiwanda au mtoto anywaye maji ya mto.

Kila tawi lilete jambo hili katika mkutano wake ujao, na wajumbe walitie katika orodha ya madai, pamoja na mshahara.