Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Lushoto: mashine ipokee barua, isizijibu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto.

Yah: Akili unde katika barua pepe za wananchi

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua za masjala huanza hivyo, nami sitaki yangu irudishwe kwa kukosa utaratibu.

Ndugu Mkurugenzi, Google na Microsoft wameshamweka msaidizi wa akili unde ndani ya sanduku la barua pepe lenyewe. Anasoma barua, anafungua kiambatisho, anatoa muhtasari, kisha anaandika rasimu ya jibu. Mtumishi mwenye barua nyingi na muda mchache atamtumia tu, awe ameruhusiwa au hajaruhusiwa, na ikibidi kwa simu yake mwenyewe. Kwa hiyo siandiki kukuomba umpige marufuku. Naomba uamue mapema, kwa maandishi, kazi yake iishie wapi. Rai yangu ni kwamba awe mpokeaji wa barua zetu, asiwe mjibuji.

Faida yake naiona. Chukua kikundi cha akina mama wa Shume wanaolima karoti, kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Maombi hayo yanataka katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, andiko la mradi, taarifa za benki na vitambulisho vya wanachama. Katibu anakwenda steshenari, anaskani, anatuma. Ukurasa wa pili wa muhtasari ukisahaulika, anaweza asijue mpaka wiki kadhaa zimepita, halafu apande gari kwenda mjini kuuliza kulikoni. Na kutoka Shume au Mtae hadi Lushoto mjini si safari ya kwenda na kurudi kabla ya chai. Masika yakikolea na kingo za barabara zikaanza kuporomoka, hata mwenye nauli analala njiani. Msaidizi angemwandikia papo hapo kwamba viambatisho vitano vimefika, cha tatu hakisomeki, na ukurasa wenye saini za wajumbe haupo. Hiyo ni kazi ya karani wa masjala, na mashine inaiweza.

Halafu barua pepe inatufaa watu wa milimani kwa sababu haidai mtandao wa kila dakika. Mtu anaiandika akiwa bondeni, nayo inasubiri ndani ya simu mpaka apande penye mnara. Madaktari wa zamani wanaijua subira hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari Bernard Lown wa Boston, lilisafirisha barua pepe za hospitali za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa setilaiti ndogo iliyopita juu yao mara chache kwa siku. Daktari aliuliza swali leo, akasubiri setilaiti irudi na majibu. Tofauti ni kwamba majibu yale yalitoka kwa mtu au kwenye jarida lenye jina.

Hapo ndipo penye shida yangu. Tazama nyaraka zetu zilivyo. Muhtasari wa kikao umeandikwa kwa mkono, umepigwa picha jioni kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mtendaji amegonga mhuri palepale penye tarehe na kiasi cha fedha. (Sijui ni nani aliyewafundisha kuwa mhuri usioziba maandishi haujakolea.) Karani akishindwa kusoma hukunja uso, akauliza. Mashine haikunji uso. Tarakimu isiyosomeka inaweza kuijaza kwa kukisia, na kukisia kwake kukaandikwa kwa uhakika uleule wa mambo inayoyajua. Shilingi 300,000 zikigeuka 800,000 ndani ya muhtasari wenye Kiswahili sanifu, nani atarudi kuangalia picha?

Na hata pale inaposoma sawasawa, kuna mambo ya hapa isiyoyajua. Muulize msaidizi wa namna hii habari za Lushoto uone atakavyokukimbiza Irente kutazama mandhari. Lakini je, anajua kwamba mtu wa Soni au Vuga anayekuandikia wewe amekosea mlango, kwa kuwa kata hizo ziko Halmashauri ya Bumbuli ingawa wilaya ni hii moja? Karani wako anajua, wala hahitaji kufikiri. Mkulima akiuliza dawa ya baka kwenye viazi, atajibiwa kwa maarifa ya kurasa zilizoandikwa kwingine, kwa udongo mwingine na mvua nyingine, na jibu litabeba anwani ya halmashauri. Milima hii ilishapokea maelekezo ya namna hiyo. Waingereza walipolazimisha matuta katika miaka ya 1950, waliamini kitabu chao cha kilimo kuliko mikono ya waliokuwa wakilima, na Wasambaa wakagoma mpaka mpango ukaachwa. Afisa ugani akikosea tunajua pa kumpata. Barua pepe isiyo na mwenyewe tutamfuata nani?

Huko Kanada swali hilo lilishafika kwenye baraza la usuluhishi. Msafiri mmoja aliambiwa na programu ya maswali ya shirika la ndege la Air Canada kwamba angeweza kudai punguzo la nauli ya msiba baada ya safari. Alipodai, akakataliwa. Shirika likajitetea kwamba programu ile iwajibike yenyewe kwa maneno yake. Mwezi Februari 2024 baraza la British Columbia likaukataa utetezi huo na kuamuru alipwe. Sidhani kama ungependa Lushoto iwe mahali pa kuujaribu tena.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba barua pepe moja iliyofichwa maagizo ndani yake iliweza kumfanya msaidizi wa Microsoft, Copilot, atoe nje taarifa za ofisi bila mtumishi kubonyeza chochote. Microsoft waliuziba mwanya huo, lakini asili ya tatizo bado ipo: msaidizi huyu ni tarishi anayeweza kutii amri iliyoandikwa ndani ya barua aliyotumwa kuipeleka. Ndiyo maana asipewe funguo za kila kabati. Anayepokea maombi ya leseni za biashara hana shughuli na faili za mashauri ya ardhi wala za watumishi.

Kuhusu siri zetu, nakiri uvujaji hauanzii kwako. Wengi wetu barua pepe tulifunguliwa na kijana wa steshenari siku ya kuomba ajira, na nywila anayo yeye mpaka leo. Vyeti vyetu vya kuzaliwa vimejaa kwenye kompyuta yake karibu na nyimbo za harusi. Hilo halikupunguzii wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 inagusa usafirishaji wa taarifa nje ya nchi, na pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Mtumishi anayenakili barua ya mjane kuhusu mpaka wa shamba na kuibandika kwenye programu ya bure ya simu yake ameshaisafirisha, hata kama nia yake ilikuwa kupata muhtasari tu.

Mahakama, ambayo chuo chake kiko hapohapo Lushoto, imeanza kutumia akili unde kunukuu na kutafsiri mienendo ya mashauri. Hukumu bado inasainiwa na hakimu. Nasi tunaomba vivyo hivyo: kila jibu linalokubali, kukataa au kuahidi jambo litoke na jina na cheo cha mtumishi aliyefungua kiambatisho kwa macho yake. Ujumbe wa mashine ujitambulishe kuwa ni wa mashine na uishie kwenye kuthibitisha mapokezi. Na usihesabiwe kuwa jibu. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata taarifa inampa mwombaji haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Itakuwa rahisi mno kwa ofisi kutimiza siku hizo kwa "asante, ujumbe wako umepokelewa" iliyotumwa saa nane usiku na mtambo. Asiye na barua pepe naye akabidhi karatasi zake kwa mtendaji wa kata, zikaguliwe na kutumwa kwa utaratibu huohuo bila kutozwa.

Naomba jambo hili lifikishwe mbele ya Baraza la Madiwani kabla mfumo wowote wa aina hii haujawashwa, na uamuzi ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, kwa maandishi makubwa, mhuri ukigongwa pembeni.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Mlalo

Nakala: Maafisa Watendaji wa Kata zote, Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto