JE, BANGI INAWEZA KUMFUNGA MTU?



Toka muhula huu uanze kuna mabishano katika uwanja wa masomo, na mabishano yenyewe hayataki kwisha. Wengine wanasema: "Bangi si kama pombe. Bangi haimshiki mtu. Leo unavuta, kesho unaacha, ile ni majani tu." Wengine, zaidi ndugu zetu wa kwaya, wanajibu kwamba ukivuta mara moja tu umekwisha, kesho watu watakuona unatembea uchi kule darajani Mulongwe. Nimesikiliza pande zote mbili, na naona hakuna upande unaosema kweli yote. Tena jambo hili si mchezo. Kijana anayeamini neno la kwanza anaweza kupotea, na kijana anayeamini neno la pili anaweza kupotea vilevile, kwa njia nyingine.

Tuanze na huyu wa "mara moja umekwisha". Kijana ameambiwa hivyo na mama, na mchungaji, na mwalimu. Siku moja, kwenye kilio ao kule ufukweni, rafiki anampa. Anavuta. Anakohoa, anacheka bila sababu, anasikia njaa ya ajabu, anamaliza ugali wa watu wawili, analala. Asubuhi anaamka akili iko sawa, anaingia kalasi, anajibu hata swali la jiografia. Sasa atafikiri nini? Atafikiri kwamba wazee wote ni waongo. Tangu siku ile hata neno la kweli la wazee halitamwingia tena masikioni. Njo maana nasema: uongo wa kutisha watoto unamsaidia sana yule anayeuza bangi.

Na huyu wa "majani tu"? Hata tumbako ni majani. Hata kinini ilitoka katika ganda la mti. Kuwa majani si kitu. Swali ni lile linaloingia mwilini na kazi linalofanya humo.

Wale wa sekisio ya sayansi watanisaidia hapa. Mwaka 1964, wataalamu wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walitenga ndani ya bangi ile dawa inayolevya, inayoitwa kwa kifupi THC. Watu walikuwa wamevuta bangi kwa maelfu ya miaka bila kujua kitu hicho ni nini. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani wakaonyesha kwamba ubongo una fasi maalum za kuipokea, kama kufuli inavyopokea ufunguo. Ajabu gani hii? Mungu aliweka kufuli ya bangi katika kichwa cha mtu? Hapana. Mwaka 1992 jibu likapatikana kule Yerusalemu: mwili wenyewe unatengeneza ufunguo wake, mdogo, wa muda mfupi, unaosaidia mambo ya kumbukumbu, njaa, usingizi, maumivu na woga. Bangi inaingia na ufunguo wa kigeni, mkubwa, unaokaa ndani muda mrefu.

Mtu akivuta siku kwa siku, ubongo unaona funguo zimezidi, unapunguza kufuli. Kwa hiyo kile kipande kilichomlevya mwaka jana, leo hakimwambii kitu. Anaongeza. Na siku akikosa, ule ufunguo mdogo wa mwili wake mwenyewe hautoshi tena, kwa sababu kufuli zimebaki chache. Kuzoea kwa namna hii ndiko ndugu zetu wa Tanzania wanakoita uraibu. Sisi hapa tunasema tu "imemfunga", na nafikiri neno letu linatosha kabisa.

Basi yule anayejivuna, "mimi naacha wakati wowote", na aache kweli majuma mawili, tuone. Kwa aliyekuwa anavuta kila siku, katika siku moja ao mbili moyo unaanza kukosa raha. Anakasirika kwa kitu kidogo, anagombana na dada yake kwa sababu ya sabuni. Chakula hakipiti. Usingizi hauji, na ukija unaleta ndoto nzito zenye kuonekana kama kweli. Wengine wanatoka jasho na kuumwa kichwa. Juma la kwanza ndilo baya zaidi, kisha inapungua polepole. Hapa kwetu Uvira mtu wa namna hiyo atasema ni malaria! Atanunua dawa ya malaria, atameza, haitamsaidia. Halafu rafiki anampa kipande, anavuta, "malaria" inapona saa ileile. Nani atamwambia kwamba ule haukuwa ugonjwa wa mbu?

Tena kuna jambo linalodanganya. THC inapenda mafuta, inajificha katika mafuta ya mwili na kutoka polepole, siku nyingi. Kwa hiyo kuacha bangi hakumwangushi mtu kwa nguvu kama mlevi mkubwa wa kanyanga anavyoangushwa akinyimwa kanyanga. Kwa sababu maumivu ni ya chini, watu wanasema hakuna maumivu. Waganga wa magonjwa ya akili wa Marekani wenyewe walikawia mpaka 2013 kuyaandika katika kitabu chao cha kupima magonjwa.

Sasa, inawafunga wangapi? Hapa lazima niseme kweli hata kama haitawapendeza watu wa kwaya. Hesabu inayojulikana zaidi ilitolewa Marekani mwaka 1994. Katika watu 100 waliowahi kuvuta bangi, ilifunga karibu 9. Pombe ilifunga 15 katika 100. Tumbako ilifunga 32! Kwa hiyo yule mwalimu (sitaji mtu) anayetuhubiri juu ya bangi huku sigara iko mfukoni, na yeye asikilize.

Lakini wasifurahi haraka wale wa upande wa pili. Hiyo 9 ni ya watu wote pamoja, hata yule aliyeonja mara mbili akiwa na miaka 30. Kwa wale walioanza wakiwa vijana inapanda, karibu mmoja katika 6. Kwa wale wanaovuta kila siku, ni kati ya robo na nusu. Hesabuni kalasi yenu. Ubongo unaendelea kujijenga mpaka miaka 25 hivi, na sisi tuko katikati ya ujenzi. Mwashi mwenye akili haachi mvua iingie katika matofali mabichi. Tena bangi iliyopimwa Marekani zamani ilikuwa nyepesi: karibu 1995 ilikuwa na THC 4 katika 100, na 2014 ilifika kama 12. Ile inayofungwa katika kakaratasi hapa mjini haina maandishi ya kusema nguvu yake.

Najua jibu la wavuvi. Mtu wa Kalundu atasema: "Kijana wa kalamu, wewe hujui baridi ya usiku kati ya ziwa, taa zinawaka, tunangoja ndakala mpaka alfajiri. Bila kitu, utalala uanguke majini." Simcheki. Kazi yake ni ngumu, nasi wote tunakula ndakala wake. Ila na yeye ajiulize: mchana, akiwa nyumbani na watoto, hakuna baridi wala mawimbi, mbona bado anavuta? Kitu kilichoanza kuwa kifaa cha kazi, kama kasia, kimekuwa bwana wa nyumba. Kasia tunaiacha kwenye mtumbwi tukirudi.

Na kuna jambo zito zaidi katika nchi yetu. Vita vilipoanza pande hizi 1996, na katika miaka iliyofuata, watoto wengi wa umri wetu ao chini yetu waliingizwa katika majeshi na makundi ya silaha, na wengi walipewa bangi ili woga uondoke. Wale waliorudi, bangi imerudi nao. Mtu kama huyo tukimwita "mvuta bangi" na kumcheka njiani, tunacheka kidonda ambacho si yeye aliyejikata.

Rafiki mmoja mwenye kupenda historia alinipinga kwa habari za Kasai. Ni kweli, na ni habari nzuri. Katika karne ya 19, kwa Baluluwa, kulikuwa na watu waliojiita Bena Diamba, yaani wana wa bangi. Walivuta pamoja, waliacha hirizi za zamani, waliitana ndugu, na chifu wao mkubwa alikuwa Kalamba Mukenge. Wajerumani Pogge na Wissmann waliwafikia 1881, na Wissmann aliandika kwa mshangao jinsi bangi ilivyokuwa alama ya amani kwao. Rafiki yangu anasema: "Unaona? Bangi inaleta umoja." Lakini mbona hasomi mpaka mwisho? Wissmann huyohuyo anaeleza kwamba mwenye kosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi nyingi mpaka azimie. Kwa hiyo hata wana wa bangi walijua kwamba kitu chao kina nguvu ya kumlaza mtu chini. Tena wao walikuwa na chifu na sheria ya kuvuta. Kijana wa leo anayevuta nyuma ya choo cha masomo saa mbili ya asubuhi, chifu wake ni nani?

Wengine wanaleta Biblia, Mwanzo sura ya 1, kwamba Mungu alitoa kila mche wenye mbegu. Hawa naona wanasoma Biblia siku moja tu kwa mwaka, na ukurasa mmoja. Wapindue mpaka barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorinto, sura ya 6. Pale mtume haulizi kama kitu kimeruhusiwa ao hapana. Anauliza ni nani anayetawala, yeye ao kile kitu. Ni swali lilelile la waganga, ila Paulo alilitangulia kwa karne nyingi.

Juu ya wazimu nitasema kwa kifupi, maana si swali langu la leo. Kule Uswidi, nchi waliyotoka wamisioneri wa Kipentekoste waliofika Uvira mwanzo wa miaka ya 1920, waganga walifuata vijana zaidi ya 45,000 walioandikwa jeshini 1969 na 1970. Matokeo yalitoka 1987: waliovuta zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa mkubwa wa akili mara sita kuliko wasiovuta. Wengi kati yao hawakupata kitu. Lakini nani anajua mbele kama yeye ni wa wengi ao wa wachache?

Na wasituambie kwamba Uruguay imeruhusu 2013 na Kanada 2018. Sheria inaruhusu na tumbako pia, na tumbako tumeona hesabu yake.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika masomo mengi ya mji wetu kanuni ni moja: mwanafunzi akikamatwa na bangi, anafukuzwa siku ileile. Sheria ya nchi yenyewe imekataza bangi tangu 1903, kwa hiyo sishangai. Kwa anayewauzia wadogo wa kalasi ya kwanza, sina neno, atoke. Lakini kwa aliyefungwa? Tunamtoa kalasini, fasi pekee ambapo kwa saa sita kwa siku hawezi kuvuta, tunamrudisha kwenye njia ambapo marafiki wake wa bangi wanamngoja. Wazazi wanapoteza franka walizolipa, na yeye anapoteza mwaka. Na wenzake wanaobaki wanajifunza kitu kimoja tu, kujificha vizuri zaidi. Kijana ambaye usiku anatafuta usingizi, anataka kuacha na anashindwa, hatathubutu kumwambia mwalimu yeyote, sababu kusema ni kujifukuza mwenyewe.

Wakati huohuo msaada uko mbali. Nyumba za kutunza wagonjwa wa akili tunazozijua ni SOSAME ya Bukavu, zaidi ya kilomita 120 kwa barabara, na ile ya Kamenge, Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira. Dawa ya kumeza ya kuondoa utumwa wa bangi haijapatikana bado hata Ulaya. Kinachosaidia ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtu mwenye subira, kubadili marafiki na saa, na kuvumilia yale majuma ya kwanza. Haya yote hayahitaji mashine. Na habari njema ni hii: picha za ubongo zilizotolewa 2012 zilionyesha kwamba kwa waliovuta kila siku, zile kufuli zilirudi baada ya kama majuma manne ya kuacha. Majuma manne! Ni mfupi kuliko likizo kubwa.

Kwa hiyo naomba Bwana Prefe na direkta wa disiplini waweke swali hili katika mkutano wa walimu kabla ya mitihani: mwanafunzi anayekuja mwenyewe kusema "nimefungwa", kabla hajakamatwa, asifukuzwe. Apewe mtu mmoja wa kuzungumza naye, mchungaji wa masomo ao muuguzi wa kituo cha afya, mara moja kwa juma, na jina lake lisisomwe asubuhi kwenye mstari. Wakikataa, watuambie sababu katika gazeti hili hili, tutachapa.