Kompyuta za ishara: Mkono wa mkulima wa Uluguru umefikiriwa?

Septemba 2025 kampuni ya Meta ilitambulisha miwani inayoonyesha ujumbe kwenye kioo chake na kuendeshwa kwa mkanda wa kifundo cha mkono. Mkanda unasoma misuli. Ukigusanisha kidole gumba na cha shahada, kompyuta inakuelewa, bila kubonyeza wala kugusa kioo.

Bei yake Marekani ilipotambulishwa ilianzia dola 799, kwa hiyo si kitu cha kukutana nacho kesho Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro. Lakini simu za tachi nazo zilianza kwa bei ya wachache, leo zimejaa mtaani. Ni vizuri kuuliza mapema: ishara hizi zinatengenezwa kwa kufuata mkono wa nani?

Mkono unachoka

Mwaka 2010 Microsoft ilileta Kinect, kamera ya michezo iliyotaka mtu arushe mikono hewani. Mwaka 2017 ikaacha kuitengeneza. Google nayo iliweka rada kwenye simu ya Pixel 4 mwaka 2019 ili mtu apunge mkono kubadilisha wimbo. Toleo lililofuata halikuwa nayo.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ila wabunifu wanalijua tatizo la kuinua mkono muda mrefu. Wanaliita "mkono wa sokwe": bega linauma, mkono unakuwa mzito. Ndiyo maana Vision Pro ya Apple, iliyoingia sokoni 2024, inamruhusu mtu aache mkono mapajani na kufinya vidole tu. Ishara nzuri ni ndogo na inafanyika chini, mkono ukiwa umepumzika.

Mkono wa Mgeta si wa ofisini

Sasa mchukue mkulima wa Mgeta, Kinole au Matombo. Anashika jembe kwenye mteremko mkali, kisha anateremka na mzigo kichwani, mkono mmoja ukiushikilia. Ishara inayotaka mikono miwili hapo imeshafeli.

Ngozi nayo ni shida. Kioo cha tachi hutambua kidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi. Kidole chenye sugu kavu kinaweza kisisikike, na matone ya mvua yanaivuruga simu. Mashine za alama za vidole, zilizotumika Tanzania kusajili laini tangu 2019, nazo hupata taabu na vidole vilivyolika kwa kazi ngumu.

Halafu kuna adabu. Kumnyooshea mtu mzima kidole si heshima, na kumpa kitu kwa mkono wa kushoto ni hivyo hivyo. Kumwita mtu, kiganja kinatazama chini. Ishara inayoonekana ya kawaida California inaweza kuwa tusi mbele ya mzee wa Kiluguru.

Kinachoweza kupotea

Kiswaswadu kinadharauliwa, lakini batani zake zinabonyezeka kwa kidole chenye tope, hata bila kuangalia. *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi humo bila bando. Huduma za pesa na za serikali zikihamia kwenye programu za kutelezesha vidole, na baadaye za ishara, atakayeachwa nyuma ni yule yule aliyelima kabichi inayoliwa mjini.

Uluguru imewahi kuona mpango wa namna hiyo. Wakoloni waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilikuwa na maana, ila kazi ilikuwa nzito na wenye mikono hawakusikilizwa. Mwaka 1955 watu waligoma, zikazuka vurugu, na mpango ukaishia hapo.

Dawa si kuikataa teknolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine na Mzumbe vipo jirani na milima hiyo hiyo. Ishara zinaweza kujaribiwa na mtu aliyetoka palizi, mwenye mkono wa kushoto, bibi mwenye baridi yabisi, au aliyepoteza kidole. Na kwa yule ambaye mkono wake haukubali ishara, batani ibaki.