Chuo cha kompyuta usikichague kwa bango la getini

Matokeo ya Form Six yakishatoka, hapa kafe ni foleni tu. Mshikaji ana PCM yake safi, anafungua tovuti ya chuo, anaona picha ya maabara yenye kompyuta zinang'aa, basi, anajaza maombi palepale. Na mimi nimemaliza, natafuta chuo cha kusomea utengenezaji wa programu, kwa hiyo nimekaa nikachimba kidogo.

Watu wanaanza na jina la chuo. Mimi nasema anza na kibali. Februari 2016 Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ilifuta vibali vya vyuo viwili vya St. Joseph kule Songea, na kimoja kilikuwa cha teknolojia ya habari, hichohicho tunachokitafuta sisi! Wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Hebu fikiria uko katikati ya masomo, unaambiwa funga begi. Halafu Julai 2017 vyuo 19 vikazuiwa kupokea wanafunzi wapya. Kwa hiyo fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, siyo wa kaka yako, utafute chuo NA kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali, kozi ikawa haimo.

Mwongozo huohuo unakuambia sifa za kuingia. Kiwango cha chini cha TCU ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4, lakini kozi nyingi za kompyuta zinataka Hesabu, na ushindani unapandisha hizo pointi.

Haya, majina ya kozi. Sayansi ya Kompyuta, IT, Uhandisi wa Programu, wengi tunadhani ni kitu kimoja. Wapi! Pale Mlimani Sayansi ya Kompyuta ni miaka 3, Uhandisi wa Kompyuta na IT ni miaka 4. Huo mwaka wa ziada siyo mchezo kwa mtoto wa mkulima anayesoma kwa mkopo, maana Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Mimi sisemi miaka 4 ni mibaya. Nasema ujue unanunua nini.

Kitu ambacho mwongozo haukuambii ni maabara ina hali gani. Hapo tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili, siyo afisa udahili, umuulize: mnakaa wangapi kwenye kompyuta moja? Intaneti ipo au ni ya kwenye bango? Fildi mnapelekwa au kila mtu anajitafutia? Na mwaka jana ulitengeneza programu gani wewe mwenyewe? Akianza kujiumauma kwenye hilo la mwisho, mimi hapo naendelea na safari yangu.