Muziki wa Sauti Chache: Uvivu au Hekima?

Kuna namna ya muziki iliyoenea sana siku hizi, nayo yawagawa wasikilizaji katika makundi mawili kama kisu kipasuavyo muhogo. Mpiga kinanda hugusa sauti tatu au nne, hunyamaza, kisha huzirudia zile zile. Dakika tano zapita, dakika kumi zapita, na mambo ni yale yale, ila labda sauti moja imeongezwa au imeondolewa. Wataalamu huuita muziki huo minimalizimu, yaani utunzi wa vitu vichache. Hapa Makiso wengi huusikia pasipo kujua jina lake, kwa kuwa ndio utiwao mara nyingi katika sinema, na sinema siku hizi hutazamwa hata katika simu ya mkononi.

Mtu mmoja husikia akatokwa na machozi. Jirani yake husikia huo huo akauliza, "Wimbo wenyewe utaanza lini?" Wote wawili wana masikio mazima. Basi leo twapenda kueleza kwa nini watu hao huachana njiani, na kwa nini shauri hili si mchezo wa watu wa Ulaya na Marekani peke yao. Lauhusu mji wetu wa Kisangani kuliko tudhanivyo.

Tuwasikilize kwanza wale wanaokasirika. Tarehe 18 Januari 1973, katika ukumbi wa Carnegie mjini New York, ulipigwa muziki wa Mmarekani Steve Reich uitwao Four Organs, yaani Vinanda Vinne. Watu wanne walikaa kwenye vinanda vya umeme. Wa tano alishika manyanga, akayatikisa toka mwanzo hata mwisho bila kupumzika. Vinanda havikuwa na wimbo. Vilipiga fungu moja tu la sauti, kwanza kwa mkato, halafu vikalirefusha kidogo kidogo, kama mtu avutaye uzi mmoja mrefu. Waliokuja kusikiliza walikuwa wamezoea muziki wenye safari, wenye kupanda mlima na kuteremka bondeni. Hawakuvumilia. Walianza kupiga kelele, wengine wakapiga makofi kusudi uishe upesi, hata wapigaji wakashindwa kusikilizana, na mmoja wao akalazimika kuhesabu kwa sauti kubwa. Ulipokwisha, wengine walizomea na wengine walishangilia.

Tusiwacheke watu hao. Anayekwenda karamuni akitazamia pilau, akaletewa chai kavu, ana haki ya kushangaa. Lakini twaona jambo moja la ajabu. Mtu wa kwetu angeogopa nini katika manyanga yasiyokoma? Ngomani ndiyo kazi yake! Reich mwenyewe alikwenda Accra, katika nchi ya Ghana, mwaka ule wa 1970, ili afundishwe kupiga ngoma. Na aliporudi kwao alitunga kazi kubwa aliyoiita Drumming. Wapiga ngoma wa Afrika walijua tangu zamani kwamba kurudia si kusimama. Mara ya mia si sawa na mara ya kwanza, kwa maana mchezaji mwenyewe amekwisha badilika: miguu imepata moto, moyo umetulia, na masikio sasa husikia vitu vidogo ambavyo hapo kwanza yalivipita.

Na tutazame mfano wa pili. Mwaka 1976 mtungaji Mkatoliki wa Poland, Henryk Górecki, alimaliza Simfonia yake ya Tatu. Ina sehemu tatu, zote za polepole, nazo kwa jumla huchukua karibu saa nzima. Mwanamke mmoja huimba. Katika sehemu ya kwanza ni maombolezo ya Bikira Maria kwa Mwanawe, maneno ya karne ya 15. Katika ya pili ni maneno machache ambayo msichana wa miaka 18 aliyaandika ukutani katika kifungo cha polisi wa Hitler huko Zakopane. Katika ya tatu ni mama wa kijijini amliliaye mwanawe aliyeuawa, wala hajui mwili wake umelala wapi. Iliposikiwa mara ya kwanza mjini Royan, Ufaransa, mwezi wa Aprili 1977, wakaguzi wengi wa muziki waliidharau. Waliona kwamba ni kurudia tu, tena kwa namna nyepesi mno. Miaka 15 baadaye, mwaka 1992, ilitolewa sahani mpya ya simfonia ile ile, nayo ikauzwa zaidi ya milioni moja, jambo lililokuwa nadra sana kwa muziki wa namna hiyo.

Mtungaji hakuongeza kitu katika kazi yake. Ila twadhani kwamba wale wa kwanza walikuja kupima ufundi, na wengi katika hawa wa pili walikuja na misiba yao. Anayepima ufundi huhesabu sauti, akaziona ni chache. Aliyefiwa hupata ndani ya uchache ule nafasi ya kuweka huzuni yake mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani, mtoni kwetu. Wazee wa kando ya Mto Kongo, hasa Walokele, walikuwa na gogo lililochimbwa ndani, lenye midomo miwili: mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Sauti mbili basi! Na kwa sauti hizo mbili walipeleka habari za msiba, za arusi na za chombo kinachokuja. Mwaka 1949 John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kibaptisti aliyefanya kazi Yakusu, si mbali na hapa, alichapisha kitabu cha kueleza siri yake. Lugha ya Kilokele hutofautisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti, na gogo huiga kupanda na kushuka huko. Walakini maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa. Kwa mfano baba, mwezi na kuku hulingana kabisa katika gogo. Kwa hiyo mpigaji hawezi kupiga neno moja akaeleweka. Hana budi kulivika maneno mengine, hata likawa sentensi nzima, tena airudie sentensi hiyo. Mgeni asikiaye kwa mbali husema, "Gogo lile lapiga jambo moja tu." Mwenye lugha amekwisha pata habari nzima, naye ameondoka kwenda matangani.

Basi uchache wa sauti si uchache wa maneno. Kanisa kuu letu hapa Makiso, ukingoni mwa mto, lina jina la Bikira Maria wa Rozari, na kila Mkristo anajua jinsi Rozari inavyosaliwa. Mama arudiaye Salamu Maria mara hamsini hatumwambii kwamba amekosa la kusema.

Lakini katika sinema shauri huwa gumu zaidi, kwa sababu huko muziki hautumiki peke yake. Umewekwa chini ya picha ili utuambie tuhisi nini. Violini zikilia, twajua kwamba yatupasa kuhuzunika. Tarumbeta zikipigwa, twajua kwamba shujaa amefika. Je, muziki ukipungua, au ukinyamaza kabisa, nani atatuambia?

Swali hilo liliulizwa kweli, tena kwa sinema ambayo mji huu una sehemu yake. Mwaka 1958, Kisangani ilipokuwa ikiitwa bado Stanleyville, mwongozaji Fred Zinnemann alikuja hapa kupiga picha za The Nun's Story, ambayo kwa Kifaransa huitwa Au risque de se perdre. Ni habari za sista muuguzi kutoka Ubelgiji, aliyehudumia wagonjwa katika Kongo, na mwisho akaacha utawa. Muziki wake ulitungwa na Franz Waxman, aliyechota katika nyimbo za kale za Kanisa. Katika picha za mwisho yule sista avua mavazi ya utawa, afungua mlango, aenda zake njiani. Waxman alikuwa ametunga muziki wa kumalizia, lakini Zinnemann aliuondoa. Jack Warner, mkuu wa kampuni, alitaka kujua kwa nini sinema yake iishe bila muziki. Zinnemann alimrudishia swali: uwe muziki wa namna gani? Ukiwa wa furaha, itakuwa kana kwamba kampuni yampongeza sista kwa kutoka nyumba ya watawa. Ukiwa mzito, watazamaji watatoka wamevunjika moyo. Basi sinema iliyotoka mwaka 1959 huishia katika kimya, na kila mtazamaji huachwa aamue mwenyewe katika dhamiri yake.

Mkuu wa kampuni hakuuliza swali la kipumbavu. Wako wengi ambao wangeuliza vivyo hivyo. Kimya chatuogopesha kwa kuwa chatupa kazi. Hata hivyo twaona kwamba Zinnemann alifanya vema. Kuhusu mtu aliyeacha utawa baada ya vita vikali vya moyo, hakuna violini iwezayo kutoa hukumu ya haki kwa nusu dakika.

Na sasa tufike kwenye jambo lililo karibu zaidi na mioyo yetu. Toka tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana humu mjini mwetu. Makombora yaliangukia nyumba za watu. Mamia ya raia waliuawa, na wengi zaidi walijeruhiwa, wengine wakapotezwa mikono au miguu. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitengeneza sinema juu ya majeruhi hao, nayo yaitwa En route pour le milliard, ya mwaka 2020. Wapanda chombo mtoni, wenye magongo na miguu ya bandia, kwenda Kinshasa, safari ya kilometa zaidi ya 1,700, kudai fidia yao. Hakuna okestra inayotuimbia huzuni yao. Zasikika injini, mvua, na ugomvi wa watu waliochoka. Na pale paimbwapo, waimbao ni majeruhi wenyewe, jukwaani, katika mchezo wao wa kuigiza.

Mtazamaji aliyezoea sinema za mikondo mingine aweza kusema kwamba sinema hii ni kavu. Twamwomba afikiri. Kama mwongozaji angemimina vinanda na violini juu ya mama aliyekatika miguu, tungelia sana, na machozi yakikauka tungedhani tumemaliza wajibu wetu. Tungelilia violini. Pasipo muziki huo, twabaki na mama yule na dai lake. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Hukumu ya mahakama ina hesabu, na mtu aliyetulia huuliza hesabu hiyo imefika kwa nani. Muziki mwingi hauulizi.

Hata hivyo tusifanye uchache kuwa sheria. Sauti chache nazo zaweza kudanganya. Siku hizi watengenezaji wengi, wakitaka tuhuzunike upesi, hutia vigongo vinne vya piano vya polepole, wakavirudia, nao hudhani wamepata kina cha moyo. Hiyo ni violini ile ile iliyovaa nguo za maskini. Wala muziki mwingi si kosa. Mwaka 1958 kwaya ya vijana ya Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, iliimba huko Kamina Misa iitwayo Missa Luba, yenye ngoma na sauti zinazojaa kanisa. Nani atasema kwamba shangwe ile ilizidi? Penye shangwe pashangiliwe.

Basi twawapa wasomaji wetu, hasa wanafunzi na waalimu wa kwaya, mashauri matatu. La kwanza: ukisikia muziki wa sauti chache, usiuhukumu kabla ya kuusikia mara tatu, wala usiusikilize huku ukifanya kazi nyingine, gogo la Walokele halimsemeshi asiyetega sikio. La pili: ukitazama sinema iliyokuliza, itazame tena mahali pale umezima sauti. Kama huzuni yabaki, ni ya wale watu. Kama yatoweka, ilikuwa ya muziki. La tatu: jirani yako asipopenda ulichopenda, usimwite mjinga, mwulize alitazamia nini. Mara nyingi mtagundua kwamba hamkusikia vitu viwili, ila mlikuja na haja mbili.

Na sinema ikiisha katika kimya, msikimbilie mlango. Kaeni kidogo, mzungumze juu ya watu mliowaona. Wengine wao huenda mkakutana nao kesho sokoni hapa Makiso.